Shajara ya mradi: geti la umeme linalogoma njiani, Kunduchi

Geti lenyewe ni la kuteleza, la chuma, upana mita 4.2 na urefu mita 2.1. Fremu ni skwea paipu ya mm 50 kwa 50, na shiti ya mm 1.5 imechomelewa upande mmoja tu. Uzito kwa hesabu: shiti kilo 104 (mita za mraba 8.82, kila moja kilo 11.8), mabomba kilo 80 hivi, na mapambo yanayofikisha jumla karibu kilo 200. Mota ni ya volti 12, betri yake iko ndani ya kasha, chaja inakula umeme wa nyumbani wa volti 230. Pinioni ya mota, yaani gia yake ndogo ya nje, inakamata reki, yaani ule ukanda wa meno uliofungwa ubavuni mwa geti. Bamba la mota linasema inavuta kilo 30 wakati wa kuanza na kilo 15 ikishatembea. Ina miaka minne na iko karibu na bahari, kwa hiyo chumvi iko kila mahali pa kufungwa bolti.

Bei zote ni za shilingi ya Tanzania, kama zilivyolipwa. Mota za geti la kuteleza hutofautiana, hivyo vipimo vya hapa ni vya geti hili tu.

## 8 Machi 2025: Malalamiko na vipimo vya kwanza

Malalamiko yalikuwa hivi: asubuhi geti linafunguka na kufunga vizuri. Kuanzia saa kumi na moja jioni linafika theluthi mbili ya njia, linasita, kisha linarudi lilikotoka. Umeme ukikatika linafunguka mara mbili tu, baada ya hapo kimya. Rimoti haishiki mpaka gari lifike puani mwa geti.

Kilichopimwa siku hiyo ni umeme tu. Betri ikiwa imechomolewa na kupumzika saa moja: volti 12.1. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7, ikishuka 12.0 imebaki na kidogo sana. Mota ikiwashwa kwa betri peke yake: volti 9.6. Hapo betri imekwisha, haina mjadala, na miaka minne kwenye kasha linalopigwa na jua la Dar ni umri mrefu kwa betri ndogo. Joto ndilo linaloziua. Kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kama nusu.

Chaja ilipimwa ncha zikiwa wazi, bila betri: volti 13.8. Ikaandikwa "nzima". Andiko hilo lilikuwa kosa, na litarudi kutusumbua mwezi Mei.

Kosa la pili la siku hiyo ni kubwa zaidi: hakuna aliyelivuta geti kwa mkono.

## 9 Machi: Betri mpya

Betri ya volti 12, ampea-saa 7.2, shilingi 55,000. Wakati wa kununua soma tarehe iliyopigwa muhuri mgongoni, kisha ipime pale pale kaunta. Iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa inaweza kusoma 12.3 au chini, na huenda isirudi kuwa betri kamili. Iliyonunuliwa ilisoma 12.8.

Geti likafanya kazi. Kwa siku sita.

## 15 Machi: Nguvu ikaongezwa, na haikupaswa

Dalili ile ile, saa ile ile ya jioni, mahali pale pale. Bodi, yaani saketi inayoiongoza mota, ina mpangilio wa kiwango cha kuhisi kizuizi: geti likikutana na ukinzani unaozidi kiwango hicho, linajua limegonga kitu na linarudi. Tulipandisha kutoka hatua ya 4 hadi ya 7. Geti likapita mahali lilipokuwa likisita bila hata kusuasua.

Ilikuwa ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya mtoto au mguu wa mtu, hakikuwekwa ili kuisaidia mota ishinde geti bovu.

## 18 Machi: Fyuzi, na hatimaye mizani ya samaki

Fyuzi ya ampea 15 ya mota imeungua. Kishikio chake kilikuwa na kutu ya kijani, kimepata moto mpaka plastiki ya pembeni imegeuka kahawia. Tulisafisha kishikio kwa msasa mwembamba, tukabana miguu yake kwa plaizi, tukaweka fyuzi ya ampea 15 ile ile. Fyuzi mbili, shilingi 1,000. Usiweke ya 30, wala usifunge uzi wa waya juu yake; kitakachofuata kuungua ni bodi.

Mpangilio wa nguvu ukarudishwa hatua ya 4, kisha ndipo ikafanyika kazi iliyotakiwa kuwa ya kwanza kabisa:

1. Zima saketi breka ya geti na chomoa betri.
2. Hakikisha stopa za mwisho zipo pande zote mbili na roli za juu zinashika. Geti lisilo na stopa likiachiwa huru linaweza kutoka kwenye reli na kuanguka. Kilo 200 hazimsubiri mtu akimbie.
3. Fungua mota kwa ufunguo wake wa kuachia, ili pinioni izunguke bure.
4. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, kwenye fremu. Vuta polepole na soma kilo za kuanza na za kuendelea. Rudia kila nusu mita.

Matokeo: kuanza kilo 19, kuendelea kilo 13. Kati ya mita 2.6 na 3.1 kutoka nguzo ya mota, kilo 24. Geti la kilo 200 lenye magurudumu mazima juu ya reli safi linatakiwa kuvutwa kwa kilo 3 hadi 6. Ampea zilipimwa pia kwa mita ya koleo (hakikisha inasoma umeme wa DC, yaani wa betri, nyingi za bei rahisi hazisomi): ampea 8 sehemu za kawaida, 13 pale palipo pazito.

Jibu la kitendawili cha jioni likajitokeza hapo. Asubuhi betri imejaa, mota inalazimisha na kupita. Mchana geti linafunguliwa mara kumi na tano au ishirini, kila safari inakula mara mbili ya stahili yake, volti zinashuka, mota inapungua mwendo, na bodi inasoma ule upungufu kama kizuizi. Mota ilikuwa inabebeshwa lawama za geti.

## 22 Machi: Magurudumu, mara mbili

Geti liliinuliwa kwa jeki ya gari na vipande vya mbao, upande mmoja mmoja, huku miti miwili ikiegemezwa kila upande ili lisilale. Gurudumu la mbele lilikuwa halizunguki kabisa. Lilikuwa linaburutwa, na tumbo lake limeliwa bapa upana wa kidole gumba. La nyuma lilizunguka kwa sauti ya kusaga mchanga. Beringi zote mbili zilikuwa za ngao ya bati, ambayo haizuii maji. Chumvi na mchanga viliingia, grisi ikatoka.

Magurudumu ya kwanza yaliyoletwa kutoka Kariakoo yalikuwa ya kipenyo kile kile, mm 80, lakini mfereji wake ni wa duara. Reli ya geti hili ni engo, chuma cha pembe, iliyogeuzwa kichwa juu, kama paa la nyumba. Mfereji wa duara unafaa reli ya nondo laini. Juu ya engo unakaa kwenye ncha tu, unayumba, na ncha inaula. Yalifungwa, geti likavutwa mara tano, likaonekana linacheza kushoto na kulia kama mm 6. Yakafunguliwa. Duka lilikubali kuyapokea lakini likakata shilingi 10,000 kwa kuwa yameshatumika.

Jozi ya pili: mfereji wa pembe, mm 80, beringi mbili kwa kila gurudumu na zimezibwa kwa mpira (tafuta herufi 2RS ubavuni mwa beringi, ZZ ni bati). Shilingi 22,000 kila moja, jumla 44,000.

Baada ya kufunga: kuanza kilo 8, kuendelea kilo 5. Kwenye lile eneo la mita 2.6 hadi 3.1 bado kilo 15. Reli sasa.

## 5 Aprili: Reli imezama

Kamba ilivutwa juu ya reli kutoka mwisho hadi mwisho. Mahali panapopita tairi za kushoto za gari, reli imezama mm 7 katika urefu wa karibu mita moja, kwa sababu zege chini yake ni jembamba na limepasuka. Geti likifika hapo gurudumu linatumbukia, kisha mota inapaswa kulipandisha kilima kidogo. Milimita 7 zinaonekana si kitu, lakini mizani imesema kilo 10 za ziada.

Kazi: reli ilikatwa kwa grenda urefu wa mita 1.2, zege likavunjwa mpaka kina cha sentimita 20, engo mpya ya mm 40 kwa 40 unene mm 4 ikachomelewa ikiwa na miguu ya nondo ndani ya zege kila sentimita 30. Kipande cha engo shilingi 12,000. Zege la uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Fundi shilingi 50,000.

Kabla ya kuchomelea popote karibu na geti, chomoa betri, zima umeme, toa plagi za bodi zote na iachie mota. Koleo la ithi (waya wa kurudishia umeme) la mashine ya kuchomelea libane karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Likibanwa kwenye fremu ya geti upande wa pili, umeme wa kuchomelea unatafuta njia kupitia magurudumu mapya au kupitia pinioni na kasha la mota, na hapo unaagana na beringi au bodi.

Kilichoharibika: magari yaliruhusiwa kupita siku ya tatu. Juu pameshakauka, panaita kama jiwe ukigonga, basi ikaonekana panatosha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza pia. Siku ya nne ufa umetokea kando ya engo, pande zote mbili, na reli imeanza kucheza.

## 12 Aprili: Zege la pili

Likavunjwa, likamwagwa upya. Mfuko mwingine wa saruji (17,000 kila mmoja, hivyo 34,000 kwa raundi mbili), mchanga na kokoto vya raundi zote mbili 20,000, fundi wa mara ya pili 40,000. Safari hii liliwekewa magunia yenye maji na magari yakaegeshwa nje siku 10. Siku 7 ndiyo ya chini kabisa kwa zege litakalopitiwa na gari, na hata hapo halijafikia nguvu yake kamili, ambayo huhesabiwa kwa siku 28.

Jambo dogo lililoongezwa: mikato miwili ya upana wa kidole kwenye kingo za zege, ili maji ya mvua yatoke njiani mwa reli badala ya kulala humo na mchanga wake.

Mizani baada ya siku 10: kuanza kilo 5, kuendelea kilo 3.5, njia nzima.

## 24 Aprili: Meno yanaruka

Geti limekuwa jepesi, lakini kelele mpya imezaliwa: kakakaka kila linapoanza, na mara mbili limegonga stopa ya mwisho badala ya kupunguza mwendo.

Sababu ni ukarabati wenyewe. Magurudumu ya zamani yalikuwa yameliwa, mapya yameinua geti zima, na reki imepanda nalo. Pengo kati ya reki na pinioni lilikuwa mm 7 upande wa mbele na mm 5 nyuma. Pinioni inakamata ncha za meno tu, na ikishtuka inaruka jino. Kila jino la reki ya moduli 4 (kipimo cha ukubwa wa meno) ni mm 12.6, na bodi inayohesabu mizunguko haijui kwamba jino limerukwa, hivyo inaamini geti bado liko mbali na mwisho.

Pengo linalotakiwa ni mm 3. Kadi nne za benki zikipangwa pamoja zina unene wa mm 3, na hakuna kipimo rahisi zaidi. Legeza bolti za reki (nyingi zina matundu marefu ya kupandisha na kushusha), sukuma geti mpaka bolti iwe juu ya pinioni, weka kadi kati ya pinioni na reki, bana bolti, songa kwenye bolti inayofuata. Bolti moja moja, kila moja ikiwa juu ya pinioni. Ukizibana zote kwa kukadiria kwa jicho, utarudi kesho.

Uzito wa geti usiguse pinioni hata mahali pamoja. Pengo likiwa sifuri, kila gari linapopita na zege kutikisika, gia ya ndani ndiyo inayopigwa.

Reki haikupakwa grisi. Ni ya nailoni yenye chuma ndani, haihitaji, na grisi ya wazi katika mtaa wa vumbi inageuka msasa. Grisi iliyokuwapo ilifutwa kwa dizeli kidogo na kitambaa, ikamalizwa kwa maji ya sabuni.

Mwisho, bodi ikafundishwa upya mwanzo na mwisho wa njia. Kila ukigusa reki, magurudumu au stopa, fundisha upya.

## 3 Mei: Geti linafunguka lenyewe saa tisa usiku

Mara mbili ndani ya wiki moja, usiku wa mvua. Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni rimoti ya jirani. Rimoti zinazobadilisha namba ya siri kila unapobonyeza haziingiliani kirahisi hivyo, kwa hiyo tulianza na waya.

Bodi ina taa ndogo kwa kila waya unaoingia. Taa ya kitufe ilikuwa inapepesa bila mtu kubonyeza. Njia ya kuhakikisha: toa waya moja moja kwenye taminali, subiri, angalia taa, kama imetulia, umempata. Ulikuwa ni waya wa kitufe cha nje, kilicho kwenye nguzo karibu na kibanda cha mlinzi.

Kufungua kitufe: maji, na koloni la sisimizi. Waya ulikuwa unaingia kwa juu, basi kila tone lilifuata waya kama ngazi mpaka ndani. Kitufe kipya kisichopitisha maji, shilingi 15,000, kimefungwa waya ukiingia kwa chini, na kabla ya kuingia umepindwa ukaning'inia kama tumbo la mbuzi ili matone yadondokee hapo.

Kwa kuwa kasha la mota lilikuwa wazi, likakaguliwa lote. Mayai mawili ya mjusi juu ya chaja, kinyesi juu ya bodi, na mjusi mmoja aliyekauka nyuma ya relei (swichi ya umeme ya bodi). Kinyesi hicho kikinyonya unyevu kinapitisha umeme na kinakula njia za shaba. Bodi ilitolewa, ikasuguliwa kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili (8,000), ikaanikwa kivulini saa mbili. Waya zilizoingilia tundu la sakafu ya kasha zikazibwa kwa silikoni (9,000). Tundu dogo la kutolea maji halikuzibwa. Limewekewa wavu wa dirishani, kipande kilichobaki. Kuziba kila kitu kabisa kunafungia unyevu ndani.

Dawa ya kupuliza ya wadudu isipulizwe ndani ya kasha. Inaacha utando juu ya bodi, gesi yake inashika moto, na relei zinapiga cheche.

## 10 Mei: Chaja iliyodanganya

Umeme ulikatika usiku. Geti lilifunguka mara tisa, likafa. Kwa geti jepesi na betri ya miezi miwili, mara tisa ni aibu.

Umeme uliporudi, betri ikiwa imeunganishwa, volti kwenye ncha zake zilikuwa 12.3. Betri inayochajiwa vizuri isome 13.5 hadi 13.8. Chaja ikachomolewa na kupimwa kama mwezi Machi: 13.8, safi kabisa. Ikapimwa tena ikiwa na mzigo, balbu ya indiketa ya bodaboda ya volti 12, wati 10, inayokula kama ampea 0.8: volti zikaanguka mpaka 11.4.

Mita ya kupimia volti haivuti karibu kitu chochote kutoka kwenye chaja, hivyo chaja mgonjwa husimama wima mbele yake. Balbu ya shilingi mia chache ndiyo inayoivua nguo. Hapa kapasita ya kutolea, maikrofaradi 1000 volti 25, ilikuwa imevimba kichwa. Ilibadilishwa na ya maikrofaradi zile zile inayostahimili nyuzi joto 105, shilingi 1,500. Kwa balbu ile ile sasa: 13.7.

Tahadhari kwa atakayefungua chaja ya aina hii: ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa nyumbani huhifadhi volti kama 325 hata baada ya kuchomoa. Subiri, kisha pima kabla ya kugusa. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi wa redio na TV. Ni kazi ya dakika kumi kwake.

## 24 Mei: Rimoti na antena

Betri mbili za rimoti, 4,000. Umbali ukatoka mita 5 kwenda mita 8, bado haba. Waya wa antena wa risiva ulikuwa umekunjwa na kubanwa chini ya kifuniko. Rimoti hizi ni za megahezi 433.92, na robo ya wimbi lake ni sentimita 17.3. Antena ilikatwa waya mpya wa sentimita 17, ikanyooshwa wima mbali na kasha la betri. Mita 30.

Jioni umbali ulishuka tena mpaka mita 15. Ilibainika ni taa ya LED ya nguzoni, iliyo nusu mita juu ya mota. Ikizimwa, mita 30 zinarudi. Taa za bei ya chini hutoa kelele ya redio. Imehamishiwa nguzo ya pili.

## 7 Juni: Macho ya usalama

Bodi ilikuwa na kipande cha waya kifupi kilichounganisha taminali ya macho (vihisi vya mwanga vinavyozuia geti kufunga kitu kikiwa njiani) na ile ya pamoja. Maana yake ni kwamba aliyefunga geti hili hakufunga macho, akaiambia bodi kuwa njia iko wazi siku zote. Geti limefanya kazi miaka minne hivyo, nyumba ikiwa na watoto.

Jozi ya macho 85,000, waya mita 12 kwa 1,500, jumla 18,000. Yamefungwa urefu wa sentimita 55 kutoka ardhini. Jicho linalopokea liliwekwa upande wa magharibi likitazama mashariki. Asubuhi ya kwanza geti likakataa kufunga kuanzia saa moja hadi saa mbili kasoro, jua likimulika moja kwa moja ndani ya kioo. Yakabadilishana nguzo. Sasa anayepokea anatazama magharibi, na kwa kuwa ukuta wa jirani unakinga jua la jioni, hakuna tatizo. Mahali pasipo na ukuta, kikofia cha kipande cha bomba la plastiki kinatosha.

Nguvu ya kugonga ilipimwa kwa mizani ya bafuni iliyosimamishwa kati ya geti na boriti kwenye nguzo. Hatua ya 4: kilo 31. Hatua ya 3: kilo 22. Kiwango cha Ulaya cha EN 12453 kinataka isizidi niutoni 400, karibu kilo 40, kwenye mwanya wa mm 50 hadi 500. Mizani ya bafuni ni nzito kusoma mgongano wa ghafla, kwa hiyo usiiamini kwa kiasi cha kukaribia mpaka. Geti limeachwa hatua ya 3, jambo ambalo mwezi Machi lisingewezekana hata kuota.

## 5 Julai: Hesabu

Betri 55,000. Fyuzi 1,000. Magurudumu 44,000, na hasara ya jozi ya kwanza 10,000. Engo 12,000, saruji 34,000, mchanga na kokoto 20,000, fundi wa reli 90,000. Kitufe 15,000, spiriti 8,000, silikoni 9,000. Kapasita 1,500. Betri za rimoti 4,000. Macho na waya wake 103,000. Jumla 406,500.

Zilizopotea bure kwa makosa ni 77,000: magurudumu yasiyofaa 10,000 na zege lililorudiwa 67,000 (saruji 17,000, nusu ya mchanga na kokoto 10,000, fundi 40,000). Betri haihesabiwi humo, ilikuwa imekufa kweli. Wakati kazi inaanza, bei ya mota mpya ya ukubwa huu dukani ilikuwa 1,450,000 bila ufundi, na ingefungwa kwenye geti lile lile linalovutwa kwa kilo 24.

## 2 Agosti: Ukaguzi wa kwanza wa robo mwaka

Kuvuta kwa mkono: kuanza kilo 5, kuendelea kilo 3.5. Ampea 4.6 njia nzima, hakuna kilima. Betri ikipumzika 12.7, mota ikitembea kwa betri peke yake 11.9. Chaja na balbu: 13.7. Pengo la reki mm 3 mbele, mm 4 nyuma. Bolti mbili za mwisho zimelegea, zimebanwa upya na kuongezewa washa za springi.

Ndani ya kasha kuna mjusi mmoja mdogo, hai. Aliingilia mahali ambapo silikoni haikushika vizuri kwa sababu bomba la waya lilikuwa na mafuta. Limefutwa kwa spiriti na kuzibwa tena.

Kilichobaki: kikingio cha radi upande wa volti 230 na fimbo ya ithi (ya kupeleka umeme ardhini) ya nguzo ya mota, kabla ya mvua za vuli. Ithi iliyopo inasoma vizuri kwenye mita, lakini nati ya koleo lake imeshalika na chumvi na haifunguki kwa spana.